Mama Vitenzi Arudishwa Dawatini

Hakuna aliyekumbuka nani hasa alimbandika jina hilo, lakini chuo kizima kilimjua kama Mama Vitenzi. Alikuwa amefundisha Kifaransa kwa miaka ishirini na tisa, na kipindi chake kilikuwa vile vile tangu cha kwanza. Anaingia, anatua mkoba mezani, anashika kalamu, na kabla mwanafunzi wa mwisho hajapata pa kukaa, ubao umeshajaa vitenzi: wakati uliopo, wakati uliopita, uliopita zamani, uliopita zamani zaidi, na ule mwingine ambao hata wenye lugha yao wamebaki nao vitabuni tu. Wanafunzi waliitikia kwa pamoja. Aliyekosea alirudia. Aliyerudia akakosea tena alisimama. Kuna siku nusu ya darasa ilimaliza kipindi ikiwa wima kama walinzi wa benki.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Mumewe, fundi saa mwenye kibanda nyuma ya posta, alipenda kusema kwamba amemwoa mwanamke mcheshi ambaye chuo hakijawahi kukutana naye. Nyumbani aliwaiga majirani, akawaigiza hata wakwe. Lakini akivuka mlango wa darasa, alikaza uso. Lugha, aliamini, haina mchezo. Ukicheza nayo, nayo itakuchezea.

Basi Jumatatu moja barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Walimu wote wa lugha za kigeni wangehudhuria mafunzo kazini, kila Alhamisi alasiri, kwa wiki kumi na mbili. Asiyepata cheti hatapangiwa vipindi mwaka ujao.

Mama Vitenzi aliisoma mara mbili, miwani ikiwa juu ya pua, kisha miwani ikiwa mkononi, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Mimi nifundishwe kufundisha?" alimwambia Bwana Ratiba, aliyesimama kando yake. "Si sawa na kumfundisha samaki kuogelea?"

Bwana Ratiba alikuwa mwalimu wa Kijerumani, kapera wa miaka hamsini na minane, aliyekunywa chai saa nne na dakika kumi, si tisa wala si kumi na moja. Alitazama saa yake kwanza ndipo akajibu.

"Samaki naye huvuliwa, dada."

Alhamisi ya kwanza waliketi walimu kumi na wawili katika chumba namba saba, wengi wao wakiwa na madaftari ya kusahihisha ili muda usipotee bure. Mkufunzi akaingia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu bapa, begi mgongoni, na alipomwona Mama Vitenzi akaenda moja kwa moja kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Mama Vitenzi alimkazia macho. "Wewe si ulikuwa darasani kwangu? Ukakaa mwezi mmoja na nusu, kisha ukaingia mitini."

"Ndiye mimi. Nilihamia Kichina." Mkufunzi akacheka. "Nilikimbia vitenzi, Mwalimu. Nikasikia kuna lugha ambayo kitenzi hakibadiliki. Jana kilivyokuwa, ndivyo kilivyo leo, ndivyo kitakavyokuwa kesho. Nikasema, huko ndiko kwetu."

Mama Vitenzi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba isiyo na kuta.

"Hakibadiliki? Sasa walimu wao wanafundisha nini?"

"Utajionea mwenyewe," alisema mkufunzi, na hapo ndipo akawatangazia wote mpango wake. Hakuwa na mihadhara ya kuwapa. Kila Alhamisi wangejifunza Kichina kuanzia sifuri, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwishoni wangefanya mtihani kama wanafunzi. Saa ya mwisho ya kila siku wangezungumza juu ya yale yaliyowapata. "Mmekaa mbele ya darasa miaka mingi," alisema. "Nataka mkumbuke kulivyo nyuma."

Madaftari ya kusahihisha yakafungwa moja baada ya jingine.

Mama Vitenzi hakuogopa. Alikuwa na lugha nne kichwani. Ya tano ingemshinda nini? Alinunua daftari jipya, akalipigia mistari kwa rula, nguzo sita kila ukurasa, tayari kwa vitenzi. Alhamisi ya pili nguzo zote zilibaki tupu. Kitenzi kilikuja kimoja, kikakaa katika nguzo ya kwanza, na hakikuwa na ndugu wala jamaa wa kujaza nyingine. Kilichobadilika ni sauti. Neno lile lile likipanda lilikuwa kitu kimoja, likiporomoka lilikuwa kitu kingine, likibonyea katikati kama godoro kuukuu lilikuwa kitu cha tatu. Masikio yake, yaliyozoea kunasa kosa la mwanafunzi wa safu ya nyuma wakati yeye mwenyewe ameelekea ubaoni, hayakusikia tofauti yoyote.

Alhamisi ya tatu walipewa sentensi ndogo ya kuambiana wawili wawili: nataka kukuuliza. Mama Vitenzi aliangukia kwa Bwana Ratiba. Akasafisha koo, akamtazama usoni, akaitamka kwa sauti ya kiongozi.

Mkufunzi aliuma mdomo.

"Mwalimu wangu, sauti ya kitenzi iporomoke, kama mtu aliyekasirika. Umeibonyeza halafu ukaipandisha."

"Kwani nimesema nini?"

"Umemwambia unataka kumbusu."

Chumba kilipasuka. Mwalimu wa Kiarabu alilaza kichwa mezani. Mama Vitenzi alihisi masikio yakiwaka moto. Bwana Ratiba peke yake hakucheka, alitoa shajara yake mfukoni, akafunua kurasa taratibu, akasema, "Alhamisi nimejaa. Labda Jumanne."

Jioni hiyo alimsimulia mumewe, naye fundi akacheka hadi lenzi ya kukagulia saa ikamdondoka jichoni.

"Miaka thelathini ya ndoa, Mama Pacha, na mimi hujawahi kuniomba kwa lugha ya kigeni!"

"Usinicheke, Baba Pacha. Nimeaibika."

"Ng'ombe hazeeki maini, mke wangu. Utaweza tu."

Lakini hakuweza, na kilichofuata hakumsimulia hata mume. Alhamisi ya nne alihama kutoka mbele akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango. Mkufunzi alipoanza kuuliza mmoja mmoja kufuata safu, Mama Vitenzi alihesabu vichwa, na vilipobaki viwili akanyanyuka kwenda msalani. Alikaa huko akisoma tangazo la kuokoa maji mpaka zamu ikapita. Lilipokuja zoezi la kuandika, aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, ilhali viatu vyake havikuwa na kamba, na kutoka huko chini akachungulia karatasi ya Bwana Ratiba. Alinakili yote, hadi kosa. Mkufunzi alirudisha karatasi mbili zenye kosa moja katika mstari wa tano, na hakusema neno. Bwana Ratiba ndiye aliyesema, kwa upole, walipokuwa wakitoka: "Dada, siku nyingine niulize. Lile la tano sikuwa na hakika nalo."

Alhamisi ya tano alipiga simu kwamba amebanwa na mafua.

Huyu alikuwa mwanamke ambaye kwenye kurasa za mwisho za kitabu chake cha mahudhurio aliorodhesha visingizio vya wanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi, akiweka alama ya nyota kwenye vile vya kipekee. Kijana mmoja alimzika bibi yake yule yule mara nne. Mama Vitenzi aliwahi kumpa pole ya nne akiwa amekaza uso, kisha akaenda kuchekea ofisini. Sasa alikuwa amejikunyata kwenye kibanda cha mumewe, akitafuna karanga, buheri wa afya, na saa ishirini za ukutani zikimgongea kichwani kila moja kwa wakati wake.

Pazia la kibanda likafunuliwa.

"Hodi! Fundi, saa yangu imesima—" Mkufunzi alisimama mlangoni. Alikuwa amemaliza kipindi mapema. Alimtazama Mama Vitenzi, akatazama karanga. "Shikamoo, Mwalimu. Pole na mafua."

Mama Vitenzi alikohoa. Kilikuwa kikohozi kibovu mno, hata mumewe aligeuka kuangalia nani amekitoa.

"Marahaba," alisema hatimaye, akaweka karanga chini. "Mwanangu, sina mafua."

"Najua."

"Naogopa."

Fundi aliipokea saa ya mteja, akaifungua mgongo, akajifanya hayupo.

"Zamu yangu ikikaribia, natafuta mlango," Mama Vitenzi aliendelea. "Nahesabu watu. Wamebaki watatu, wamebaki wawili. Wanachosema wenzangu sikisikii, nahesabu tu. Na ikifika kwangu, hata kile nilichokijua asubuhi kimeshatoka. Mtu mzima mimi, nina pacha wa kuoa!"

"Mimi nilikuwa nahesabu hivyo hivyo," alisema mkufunzi. Hakusema kwa ubaya. "Kwako. Nilikaa safu ya tatu, dirishani. Ulikuwa unaanzia mlangoni, kwa hiyo mbele yangu walikuwa watu kumi na saba."

Saa moja ukutani ikalia, ikifuatiwa na nyingine iliyochelewa.

"Ulisimama mara ngapi?" aliuliza Mama Vitenzi.

"Mara sita. Ya saba sikuja."

"Betri imekwisha tu," alisema fundi, kwa sauti ya mtu anayeokoa jahazi. "Naweka mpya. Mkufunzi, karibu karanga."

Mkufunzi alikaa, akala karanga, na kabla ya kuondoka alimfundisha Mama Vitenzi kusema "sijaelewa, naomba urudie" kwa Kichina. Hakuna sentensi iliyomfaa zaidi mwaka ule. Alhamisi ya sita aliitumia mara kumi na moja, na alipofika mara ya kumi na mbili walimu wenzake waliisema pamoja naye.

Wiki ya saba mambo yakageuka: kila mwalimu alirekodiwa video akifundisha darasa lake mwenyewe, kisha akapewa ajitazame peke yake, bila shahidi. Mama Vitenzi aliazima saa ya kuhesabia kutoka kwa mumewe, ile ya wanariadha, akajifungia ofisini. Akisema yeye, aliibonyeza iende. Akisema mwanafunzi, aliisimamisha.

Mwanzoni alijipenda. Sauti safi, mwandiko ulionyooka. Kufikia dakika ya ishirini alianza kusinzia mwenyewe. Kipindi cha dakika hamsini kilipokwisha, saa ilisoma dakika arobaini na nne. Wanafunzi thelathini na mmoja waligawana sita zilizobaki, na katika hizo sita karibu zote waliitikia kwa pamoja.

Kisha akaona mkono. Ulikuwa wa mwanafunzi mmoja wa safu ya nne, mama wa makamo ambaye mara nyingi alikuja darasani na sare yake ya unesi kwa sababu alitokea kazini. Uliinuka dakika ya tisa, mwalimu akiwa ubaoni, ukashuka. Uliinuka dakika ya ishirini na tatu, ukashuka. Mara ya tatu uliinuka nusu tu, ukabadili mawazo njiani, ukaishia kujikuna sikio.

Mama Vitenzi alirudisha video nyuma akautazama mkono ule tena. Kesho yake alimsubiri nesi mlangoni.

"Juzi ulitaka kuuliza nini?"

Nesi alishtuka. "Si kitu, Madamu. Si muhimu."

"Mara tatu mtu hanyooshi mkono kwa kisicho muhimu."

Nesi alizungusha kamba ya begi kidoleni. "Hospitalini kwetu wanakuja wagonjwa wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine wanajua Kifaransa tu. Daktari anasema, wewe si unasoma Kifaransa? Haya, mwulize anaumwa wapi. Na mimi nasimama pale, Madamu... naweza kumwambia kwamba laiti angelikuja, angelikuwa ameshapona. Hiyo naijua, nilipata tisini na moja. Lakini 'unaumwa wapi', sijui naanzia wapi."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Namminya minya mpaka apige kelele."

Mama Vitenzi alicheka, kicheko kile cha nyumbani ambacho chuo hakikuwa kimekisikia, kikatoka chenyewe kabla hajakizuia. Nesi naye akacheka, kwanza kwa woga kisha kwa raha, hadi wakashikana mikono hapo mlangoni. Kisha Mama Vitenzi akaacha kucheka ghafla, maana mwaka wa tatu wa masomo ulikuwa umefika nusu na mwanafunzi wake bora alikuwa akiminya watu.

Ijumaa aliingia darasani, akatua mkoba, na hakuandika kitu. Wanafunzi walitazamana. Aliunganisha meza mbili, akavua viatu, akapanda juu, akalala chali.

"Mimi mgonjwa," alisema akitazama dari. "Nimetoka mbali, sijui lugha yenu. Nesi, njoo ufanye kazi yako. Wengine ni ndugu zangu, mmenileta, na kila mmoja ana maoni yake. Kifaransa tu. Mkikwama niulizeni, lakini mjue nina maumivu makali."

Kisha nesi akasogea, akauliza kitu kibovu kibovu, kitenzi kikiwa hakina kichwa wala mkia. Mama Vitenzi alisikia kosa, likamwasha kama upupu, akauma ulimi. Badala yake akapiga ukelele na kushika goti. Kijana mmoja akadai goti si tatizo, huyu shangazi amezidi kula. Msichana mmoja akamtetea shangazi. Wa safu ya nyuma wakaanza kuzozana nani atalipia dawa. Kijana ambaye tangu mwaka wa kwanza hakuwahi kutoa sauti akajitangaza kuwa ni mganga wa mitishamba, akafukuzwa na ndugu kwa lugha ambayo, kosa juu ya kosa, ilikuwa ni Kifaransa.

Mkuu wa idara alikuwa akipita ukumbini. Alisikia kelele, akasikia sauti ya Mama Vitenzi ikilia, akausukuma mlango kwa bega. Alimkuta mhadhiri wake mkongwe kalala juu ya meza, miguu mitupu, akizungukwa na watu thelathini wanaopiga kelele, na mmoja amemshika goti.

"Nani amempiga?" alifoka.

Mama Vitenzi aliinua kichwa. "Daktari, umechelewa!" alimwambia kwa Kifaransa. "Ingia, ufunge mlango."

Mkuu wa idara, aliyekuwa mwalimu wa Kihispania, hakuambulia hata neno moja. Nesi alimwelekeza kwa ishara ampime mgonjwa homa. Akampima. Sijui kwa nini alikubali. Labda alikuwa hajacheza muda mrefu. Alitoka dakika ishirini baadaye akiwa amevuliwa tai na ndugu wa mgonjwa kwa ajili ya kufungia goti.

Makosa ya siku hiyo Mama Vitenzi aliyaandika yote mwisho wa kipindi, bila majina, na vitenzi vikapata nafasi yao. Hakuviacha, asingeweza kuviacha hata kwa kufungwa pingu. Lakini sasa vilikuja baada ya watu kuvihitaji, na ilimshangaza jinsi walivyovipokea haraka. Wiki hiyo hakuna aliyesimamishwa. Wiki iliyofuata mmoja alisimama kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa akiigiza mnara wa simu, na hilo halihesabiwi.

Kichina chake, kwa upande mwingine, hakikupata muujiza. Mtihani ulipofika, Bwana Ratiba alipata themanini na moja. Mwalimu wa Kiarabu sabini. Mama Vitenzi alipita kuandika, akapita kuzungumza kwa kujikongoja, akaanguka kusikiliza: kumi na tisa kwa hamsini. Katika maisha yake yote, tangu shule ya msingi, hakuwahi kufeli kitu. Aliisoma ile karatasi miwani ikiwa juu ya pua, kisha miwani ikiwa mkononi.

"Ningekuongezea," alisema mkufunzi, kwa uchungu wa kweli, "lakini—"

"Ukiniongezea nitakuripoti," alisema Mama Vitenzi. "Marudio ni lini?"

Marudio yalikuwa Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa idara ilikuwa na chumba kimoja tu chenye mitambo ya sauti inayofanya kazi, wanaorudia lugha zote waliwekwa humo humo, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Mama Vitenzi alifika nusu saa kabla. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa vijana wawili, mvulana na msichana, madaftari magotini. Walipomwona waliruka wakasimama.

"Madamu! Ni wewe unayesimamia?"

Aliwatambua mara moja. Walikuwa wake, mwaka wa kwanza. Yeye ndiye aliyewafelisha.

"Hapana," alisema. "Nimekuja kurudia."

Walidhani ni utani, wakacheka kwa adabu. Kisha wakaona daftari mkononi mwake, na kalamu mbili, na kifutio.

"Umefeli nini, Madamu?" aliuliza msichana, sauti ikiwa imeshuka hadi chini kabisa.

"Kusikiliza."

"Hata sisi!" alisema mvulana, furaha ikimshinda. "Wanaongea mbio, Madamu! Ukikamata neno la kwanza, wao wako la tano!"

"Hasa! Na ukilifuata la tano—"

"La kwanza limeshatoka!"

Wakasogea kumpisha, naye akaketi katikati. Msichana alikuwa na mbinu: usikimbizane na kila neno, alisema, sikiliza yale yanayorudiwa. Mvulana yeye hufumba macho. Mama Vitenzi aliyaandika yote mawili kwenye daftari lenye nguzo sita, akauliza maswali, akaomba warudie. Kisha akawauliza kwenye Kifaransa ni wapi hasa wanapokwama, nao wakamwambia bila kificho, jambo ambalo ofisini kwake wasingelithubutu hata kwa kiboko. Kumbe yeye huyameza maneno ya mwisho akigeukia ubaoni. Miaka ishirini na tisa, na hakuna aliyemwambia.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Alipata ishirini na nane. Mvulana alipita pia. Msichana mwenye mbinu, maskini, alikosa alama mbili, akalia, na Mama Vitenzi akampeleka kibandani kwa fundi saa kula karanga, wakapanga siku za kusoma wote wawili, Jumanne na Ijumaa, saa kumi. Maana muhula uliofuata kulikuwa na Kichina cha hatua ya pili, na Mama Vitenzi, bila kulazimishwa na barua yoyote, alikuwa ameshajiandikisha.